Nafsi ya Pili: Historia Fupi ya Daftari la Mawazo

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Methali hii ni ya wafanyabiashara, lakini siku za mtu nazo ni mali, na watu wa kale walitambua mapema kwamba hupotea vivyo hivyo zisipohesabiwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya desturi ya kuandika mawazo ili mtu ajifahamu. Tutaitazama kwa jicho la mwanaisimu, tukiuliza swali moja tu: katika daftari la namna hiyo, nani husema, na husema na nani?

Swali hili si la bure. Sarufi ya Kiswahili huziita mimi, wewe na yeye «nafsi»: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wasarufi wa Kilatini walitumia neno persona, lililotaja pia barakoa ya mwigizaji, na Kifaransa kimelirithi. Sisi twatumia neno lilelile linalotaja undani wa mtu. Kwa hiyo, kuuliza ni nafsi ipi inayotumika katika daftari ni kuuliza pia jinsi mwandishi anavyojiona.

Tuanze na Roma. Mwanafalsafa Seneca, aliyefariki mwaka 65, ameeleza kwamba kila usiku, taa ilipokwisha kuondolewa na mkewe kunyamaza, alijihoji juu ya maneno na matendo ya siku nzima. Hayo yalikuwa mahojiano ya kimoyomoyo. Karne moja baadaye, Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala tangu 161 hadi 180, aliyatia katika maandishi. Aliandika kwa Kigiriki, lugha ya falsafa, ingawa yeye alikuwa Mrumi. Maandishi yake yamegawanywa katika vitabu 12, na sehemu yake iliandikwa vitani, karibu na mto Danube: kitabu kimoja kinataja nchi ya Waquadi, kingine kinataja Carnuntum, mji ambao magofu yake yako Austria.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Marcus husema aghalabu katika nafsi ya pili. Hajielezi, bali hujiambia: wewe fanya hivi, wewe usikasirike, wewe kumbuka kwamba utakufa. Mtu aliyewaamuru watu wa dola nzima alihitaji mahali ambapo yeye naye angeamriwa. Tena, kitabu cha kwanza hakimhusu yeye peke yake. Ni orodha ya deni: anataja alichojifunza kwa babu yake, kwa mama yake, kwa walimu wake, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo, wanaodhani kwamba kujichunguza ni ubinafsi wa Kizungu usiojua ukoo wala jamaa, na wasome ukurasa huo wa kwanza, unaoanza na babu.

Katika Afrika ya Kaskazini, Augustinus, askofu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba nchini Algeria, aliandika Maungamo yake katika miaka ya mwisho ya karne ya 4. Yeye pia husema na «wewe», lakini wewe huyo ni Mungu. Hapa mwandishi hajiamuru tena. Anajieleza mbele ya Yule ambaye, kwa imani yake, anamjua tayari. Faida ni kwamba hawezi kudanganya. Anakumbuka hata mapeari aliyoyaiba ujanani, na anajiuliza kwa nini aliiba kitu asichokihitaji.

Wanazuoni wa Kiislamu waliitia desturi hii katika lugha ya soko. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kutokana na muhasaba, yaani mtu kujihesabu nafsi. Mzizi wa neno hilo ndio uliotupa sisi neno hesabu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi huwekewa masharti, mchana huangaliwa, jioni hutakiwa hesabu. Hapa methali yetu ya daftari inapata jamaa yake wa mbali.

Nafsi ya kwanza ilishika uongozi baadaye. Mwaka 1571 Mfaransa Michel de Montaigne alijitenga na kazi za mahakama, akaanza kuandika Majaribio yake. Sehemu ya kwanza ilichapwa mwaka 1580, toleo lenye kitabu cha tatu likatoka mwaka 1588. Hata hivyo hakukoma: hadi kifo chake mwaka 1592 aliendelea kuongeza maneno katika pambizo za nakala yake mwenyewe, ambayo ingali imehifadhiwa Bordeaux. Hakufuta sana alichokuwa amewaza zamani; aliweka wazo jipya kando ya la kale, na hivyo akaona jinsi alivyobadilika.

Lakini «mimi» asiyekuwa na mwenziwe ana hatari yake. Henri-Frédéric Amiel, mwalimu wa falsafa mjini Geneva, aliandika shajara hadi kufa kwake mwaka 1881, karibu kurasa 17,000, huku akichapisha machache. Yeye mwenyewe aliona kwamba kujitazama kulikuwa kumemzuia kutenda. Daftari lilikuwa limegeuka kuwa nyumba badala ya kuwa dirisha.

Na sisi, wasemaji wa Kiswahili? Maandishi yetu ya maisha ya mtu si haba, ila mara nyingi yalitakiwa na mtu mwingine. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana sana Kasongo na Manyema, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, nayo yakachapwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mna safari, vita na bei. Majuto ni nadra. Mwaka 1965 André Yav alitunga mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, akisema kwa niaba ya wale waliokuwa wametumika majumbani mwa Wazungu. Hapo nafsi ni «sisi», na ushahidi wake ni wa thamani kubwa. Katika miaka ya 1990 mtu mmoja wa Katanga, aliyekuwa ametumika nyumbani kwa Mbelgiji, alimwandikia mwajiri wake huyo wa zamani habari za maisha yake kwa Kiswahili, si mara moja bali mara tatu. Mwanaisimu Jan Blommaert, aliyezichunguza nakala hizo katika kitabu cha mwaka 2008, ameonyesha jinsi kumbukumbu zilivyopangika zaidi kadiri mwandishi alivyorudia kuandika. Wewe wake alikuwa mtu wa mbali, lakini kazi ya kujikumbuka ilimnufaisha yeye.

Kutokana na historia hii twaweza kutoa hoja yetu. Kujifahamu kwa kalamu hakuanzi pale mtu asemapo «mimi», bali pale anapopata «wewe» wa kumjibu: Mungu, rafiki, au yeye mwenyewe wa kesho atakayesoma alichoandika leo. Jambo hilo lawahusu wanafunzi wetu moja kwa moja. Daftari wanalo, lakini limejaa maneno ya mwalimu, yanayoandikwa kwa imla na kurudishwa siku ya mtihani. Mtu anaweza kumaliza miaka mitano ya chuo bila kuandika sentensi moja aliyojiuliza mwenyewe, na akatoka na shahada bila kujua anafikiri nini.

Yafaa, basi, kuwe na daftari la pili, dogo, lenye tarehe, lisilosahihishwa na yeyote. Liandikwe kwa lugha ile ambayo mtu hujikemea nayo akikosea, hata ikiwa si sanifu. Lisomwe tena baada ya miezi, kwa sababu kuandika bila kusoma ni nusu ya hesabu. Na lihifadhiwe vema, maana neno lililoandikwa kwa ajili ya nafsi likisomwa na asiyehusika laweza kumdhuru mwenyewe na wenziwe waliotajwa. Sarufi imekwisha kutupa chombo katika silabi moja: -ji-. Kujiuliza, kujihesabu, kujiandikia: vitenzi hivi ni vyetu tangu zamani, na vyangoja kutumiwa.