Chai ya Goma: majani ni yale yale, maji ndiyo tofauti

Majani yamenunuliwa duka moja, sukari iko ile ile, lakini chai ya nyumba hii iko nyekundu na inapendeza, ya jirani iko nyeusi na imepooza. Katika Goma, mara mingi kosa si la majani. Ni maji.

Maji ya Ziwa Kivu yana tabia yake. Kipimo cha asidi kinachoitwa pH kinafika karibu 9 kwenye maji ya juu ya ziwa, wakati maji ya katikati yana 7. Maana yake asidi iko kidogo sana. Tena maji hayo yamebeba madini mingi, zaidi manyezi, yenye kutoka kwenye mawe ya volkano.

Rangi ya chai inafuata asidi. Mtu akikamulia ndimu ndani ya kikombe, chai inapauka palepale. Maji ya ziwa yanafanya kinyume: chai inakuwa nyeusi haraka, mama anafikiri imeiva, kumbe ladha haijatoka. Ule ukali mdogo unaoamsha ulimi unapotea. Maziwa yanafunika kasoro hiyo, hayaiondoi.

Basi wengine wanatega mvua. Mji umejengwa juu ya lava, chemchemi ni chache, na kweli maji ya mvua hayana madini mingi, yanatoa chai yenye kung'aa. Lakini hapa kuna jambo la kuangalia. Moshi wa Nyiragongo unatia asidi na fluori ndani ya mvua, na fluori ikizidi inaacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, jambo linalojulikana pande za Virunga. Kuchemsha hakusaidii: mvuke unaenda, fluori inabaki. Na majani ya chai nayo yana fluori yao. Mvua ya kwanza iachwe ioshe majivu na vumbi kwenye bati, na watoto wadogo wasizoezwe chai kali ya maji hayo kila siku. Pipa lenye kutu nalo liepukwe, kwa sababu chuma kikikutana na chai kinaifanya nyeusi kama wino.

Kisha kuna klore. Wakaaji wengine wanakataa itiwe kwenye bidon pale ziwani, eti inaharibu chai. Harufu ile inaenda na mvuke maji yakichemka vizuri kwenye sufuria isiyofunikwa. Bidon bila klore ndiyo hatari, kwa sababu maji yale yale yananyweka baridi na yanaosha vikombe, na kolera haiko mbali na mji huu. Kuhusu moto, Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Hiyo inatosha kuua microbe ya kolera.

Kwa chai yenyewe: maji yachemke kwa nguvu, sufuria itoke kwenye mbabula, majani yaingie, ifunikwe dakika 4 ao 5. Saa iangaliwe, si rangi. Kupikisha majani nusu saa juu ya makala, na maji ya ziwa, kunaleta weusi na uchungu tu, na makala yanapotea bure.