Kwenye Bongo Muvi Bibi Mwenye Macho Mekundu Ndiye Muuaji. Usukumani Bibi Ndiye Aliyeuawa

Mwaka 1976 Marekani ilitoka muvi ya kutisha inaitwa The Town That Dreaded Sundown. Iliongozwa na Charles B. Pierce kwa hela ndogo, mpaka wakazi wa eneo hilo wakaingizwa kuigiza. Stori imetokana na tukio la kweli. Mwaka 1946, kwenye mji mdogo wa Texarkana, kuna mtu alikuwa anavamia watu usiku. Watu 5 wakafa, na hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji yale. Kwenye muvi jamaa kavaa gunia kichwani limetobolewa macho mawili. Jua likizama mji mzima unajifungia ndani.

Sasa wadau, mwaka huohuo 1976 huku kwetu kulikuwa na hofu kama hiyo, ila hakukuwa na kamera. Watu walikuwa wanauawa usiku vijijini Mwanza na Shinyanga, wengi wazee, kwa madai kwamba ni wachawi. Na kabla hujasema "hiyo ni Mwanza, sisi Simiyu haituhusu", kumbuka mkoa wa Simiyu umeanzishwa 2012. Kabla ya hapo Mkula ilikuwa Wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, na Bariadi ilikuwa Shinyanga. Kwa hiyo ukisoma habari za zamani za Mwanza na Shinyanga, unasoma habari za bibi na babu zetu.

Mauaji yaliyomng'oa waziri

Serikali ilivyoona mauaji yamezidi, 1976 ikaendesha operesheni kubwa ya kukamata washukiwa. Mamia walikamatwa, na baadhi yao walikufa kwa mateso wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Ilipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo akajiuzulu, mwanzoni mwa 1977. Ni nani? Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, aliyekuja kuwa Rais 1985. Wengi tunajua kwamba aliwahi kujiuzulu kwa kuwajibika na tunamsifia kwa hilo. Ila wachache tunakumbuka kwamba chanzo kilikuwa mauaji ya huku kwetu.

Na mauaji hayakuisha. Hesabu zilizokusanywa na serikali zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya matukio ilikuwa Usukumani. Texarkana walikufa watu 5 na ikatengenezwa muvi inayoangaliwa mpaka leo. Huku ni zaidi ya 3,600, na sisi wa rika hili hata shuleni hatukusimuliwa.

Ilikuwa inaendaje

Mtoto anaugua, anafariki. Au ng'ombe wanakufa mfululizo. Familia inaenda kwa mganga, mganga anapiga ramli. Mara nyingi hataji jina moja kwa moja, anatoa dalili tu: ni mama mtu mzima, anakaa upande fulani, ana macho mekundu. Familia inamalizia yenyewe. Baadaye wanatafutwa vijana wa kulipwa, wale magazeti yanawaita wakata mapanga, wanakuja usiku.

Sasa hayo macho mekundu yanatoka wapi? Usukumani miti ni michache. Bibi kapika miaka arobaini kwa mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha. Moshi ule ungekupata wewe ungebaki na macho meupe? Yaani kazi ya kulisha ukoo mzima ndiyo iliyompa alama ya kuuawa.

Halafu kuna shamba. Mjane mwenye eneo zuri ana ndugu wa marehemu mume wake wanaolitaka lile eneo. Ramli ikimwangukia yeye, kesi ya urithi imeisha bila baraza wala mahakama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatokea Sungusungu, walianzia upande wa Kahama, na pinde na mishale yao. Kwa wizi wa ng'ombe walifanya kazi ambayo dola ilishindwa, mpaka 1989 wakatambuliwa kisheria. Lakini baadhi ya maeneo nao walianza kuwasaka bibi walewale. Kwa hiyo kuna bibi aliyekuwa anamwogopa mkata panga na anamwogopa pia mlinzi.

Halafu ikaja Bongo Muvi

Wengi wanaitaja Girlfriend ya 2003 kama mwanzo wa Bongo Muvi tunayoijua. Miaka hiyohiyo Mussa Banzi akatuletea za kutisha: Nsyuka, kisha Shumileta. Bajeti ya mawazo, kamera ya video, mikanda ikasambaa. Jamaa anastahili heshima zake, alitisha watu kwa vifaa ambavyo wewe leo ungevikataa.

Ila tangu hapo muvi zetu za kutisha zikashika njia moja: mzimu, jini, mchawi. Na mchawi wetu anajulikana. Bibi kizee, nguo chakavu, macho mekundu, anacheka peke yake usiku. Kwenye mabanda umiza watoto wakaangalia, wakapiga kelele, wakarudi nyumbani. Na nyumbani kuna bibi mwenye macho mekundu anakoka moto.

Wenzetu walifanya tofauti. Halloween ya John Carpenter, 1978, iligharimu kama dola 300,000 hivi, ikaingiza kama milioni 70. Muuaji amevaa kinyago cha dukani cha bei ya kutupa, kilichopakwa rangi nyeupe. Ukimvua kinyago ni binadamu, mtoto wa mji uleule. Hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, kwamba hajatoka kuzimu, katoka nyumba ya jirani.

Sisi tuna stori za hivyo tele. Kuanzia 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ikaingia kwenye mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi. Bado Mei 2014 mwanamke mwenye ualbino akauawa kijiji cha Gasuma, hapahapa Simiyu. Muvi kubwa ya kuigiza juu ya hofu hiyo, White Shadow, ilichezwa na Watanzania lakini iliongozwa na mgeni, Noaz Deshe. Ilishinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji Venice, Italia, 2013. Ndani yake hakuna jini hata mmoja. Kuna wanunuzi, kuna bei, kuna kijana anayekimbia.

Kwa hiyo

Sisemi tuache muvi za majini, mimi mwenyewe naziangalia. Nasema hivi: Bongo Muvi ilichukua tuhuma aliyouawa nayo bibi ikaigeuza burudani, na muuaji wa kweli hajawahi kuonyeshwa sura. Yeye hana kucha ndefu wala ungo. Ni mtoto wa shemeji anayetaka shamba, ni mganga mwenye wateja, ni kijana anayedaiwa, na ni majirani waliosikia kelele wakakaa kimya.

Muvi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji nyumba moja, jiko lenye moshi, na usiku wa giza, na hivyo vyote Mkula vipo. Kama wewe ni kijana una simu nzuri na marafiki wanne, anza kwa kumuuliza bibi yako ilikuwaje miaka ile. Muulize taratibu, maana huenda kuna jina la dada yake au shoga yake hajalitaja miaka mingi.

Je, kwenu bibi aliwahi kukusimulia? Na mganga aliyepiga ile ramli, aliwahi kuulizwa na yeyote?