Tezo, Mdomo na Mpini: Historia ya Sululu ya Barafu Afrika Mashariki na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Makala haya yanafuatilia historia ya zana ambayo mfasiri mwenye haraka huiita "shoka la barafu". Hoja yetu ni kwamba jina hilo linapotosha, kwani halitokani na kazi ambayo zana hiyo imefanya katika milima yetu.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mnamo Oktoba 1889, walipanda kwa kuchonga vidato katika barafu. Ndivyo alivyofanya pia Halford Mackinder, akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, katika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899. Ugumu wa barafu waliyoivuka ndio ulioipa jina la Diamond, yaani almasi. Zana ya enzi hiyo ilikuwa na mpini mrefu uliotumika pia kama mkongojo. Kichwa chake kilikuwa na mdomo mkali upande mmoja na bapa la kuchongea upande wa pili. Bapa hilo lina jina tayari kwa mafundi wa majahazi: tezo.

Mwaka 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili, mateka wa vita wa Kiitalia, walitoroka kambini Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Zana zao za barafu zilitokana na nyundo zilizogeuzwa umbo kwa siri. Batian iliwashinda, lakini wawili kati yao walifika Lenana, kisha wote wakarejea kambini wenyewe.

Mageuzi makubwa yalifuata. Mwaka 1973, Phil Snyder na Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kupanda korongo la barafu la Diamond Couloir. Mwaka 1975, Yvon Chouinard na Michael Covington walinyoosha njia hiyo kupitia ukuta wake wa juu. Chouinard alikuwa miongoni mwa waliofupisha mpini na kuupinda mdomo uelekee chini, ili ung'ate barafu na usichomoke mpandaji anapojivuta. Uzito wa kazi ukahama kutoka tezo kwenda mdomo.

Shoka hukata kwa makali mapana; sululu hudokoa kwa ncha. Msomaji wa Bugendana, mkoani Gitega, ambaye hajapata kuona barafu ya mlimani, akisikia "shoka" atawaza kuni. Akisikia "sululu" atawaza ncha inayoingia penye ugumu. Kwa hiyo tunapendekeza "sululu ya barafu", pamoja na sehemu zake: mdomo, tezo na mpini.

Suala hili si la kamusi pekee. Mafunzo ya waongozaji na waokoaji yanahitaji amri isiyo na utata, na barafu ya Mlima Kenya inazidi kuyeyuka. Vyombo vya lugha vya Jumuiya vikusanye msamiati wa waongozaji wa milimani sasa, wangali wapo walioitumia zana hiyo juu ya barafu yenyewe.