Mishipa Iliyovimba Miguuni Yatibika kwa Tundu la Sindano

Kidonda cha juu ya kifundo cha mguu kinachofunga na kufunguka kwa miezi mingi mara nyingi hutokana na mshipa wa vena ulioharibika. Vena hurudisha damu kwenye moyo, na ndani yake zimo vali zinazoizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama miguuni na mshipa hutanuka na kujipinda chini ya ngozi. Mguu huwa mzito na kuvimba jioni, ngozi ya karibu na kifundo hugeuka nyeusi, na hatimaye kidonda hutokea. Ujauzito, uzito mkubwa, kusimama kutwa na historia ya familia huongeza hatari.

Zamani mgonjwa alipasuliwa na mshipa ukachomolewa. Katika tiba ya sasa, daktari huutazama mshipa kwa ultrasaundi, humpa mgonjwa ganzi, kisha hupitisha mrija mwembamba kwenye tundu la sindano. Joto la leza au la mawimbi ya redio huufunga mshipa kwa ndani; wengine hudungwa dawa ya povu. Damu huendelea kupita katika vena nzima, na mgonjwa hutembea siku hiyo hiyo. Michubuko ni ya kawaida. Damu kuganda hutokea kwa nadra.

Kusubiri kidonda kipone kwanza si busara. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 450 waliofungwa bandeji za kubana, ulionesha kuwa waliotibiwa mshipa mapema walipona kwa wastani wa siku 56, na waliocheleweshwa siku 82.

Nchini, tiba radiolojia, fani inayotumia mirija ya aina hii, ilianza kufundishwa kwa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka 2019. Kwa mkazi wa Kata ya Ngenge, wilayani Muleba, hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba na, ikibidi, Bugando, Mwanza. Ni vyema kuuliza kabla ya kulipa nauli iwapo huduma ipo na bima inaigharamia.

Wananchi wanashauriwa kutovaa soksi za kubana kabla ya kupimwa mzunguko wa damu miguuni. Mshipa ukipasuka, mgonjwa alale, ainue mguu na kubonyeza kwa kitambaa safi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, afike hospitali siku hiyo hiyo.