Picha Moja Iliyoamua Rangi ya Nyingine Zote

"Huyu nani?" Mama aliniuliza, kidole kwenye skrini.

Nikamjibu, si Bibi huyo, sebuleni kwake Ng'ambo. Mama akanyamaza kidogo. "Mama yangu hakuwa na rangi ya majivu, mwanangu."

Wale mliosikiliza kipindi chetu cha picha za familia mtakumbuka niligusia kisa hiki juu juu tu, kwa aibu. Leo nakieleza chote, kwa sababu nilipoanza kutafuta nimekosea wapi, nilijikuta nasoma historia ya miaka mingi kabla sijazaliwa.

Mama Mdogo alikuja Uingereza kututembelea wiki mbili, na albamu za Bibi ndani ya begi. Nikaskani picha zote, 312, kabla hajarudi nazo Unguja. Nyingi ni za miaka ya 70 na 80, zimefifia na kupiga wekundu. Nani ana muda wa kurekebisha moja moja? Nikachagua picha ya harusi, bibi harusi kwa gauni jeupe, bwana harusi kwa suti nyeusi. Nikaitengeneza mpaka ikapendeza, huku programu ikirekodi kila hatua. Kisha nikaiamuru irudie hatua zilezile kwa folda nzima, nikaenda kulala. Asubuhi kazi imekwisha. Nikajiona fundi kweli kweli.

Hatua moja kati ya zile ilikuwa kile kitufe cha kusawazisha rangi chenyewe. Kinavyofanya kazi ni hivi: picha ya kompyuta ina rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu. Kitufe kinaichukua kila moja peke yake na kuivuta, penye giza zaidi pawe peusi, penye mwanga zaidi pawe peupe. Kwenye picha ya harusi ni sawa kabisa, maana weupe na weusi vyote vipo. Lakini Bibi alikaa juu ya mkeka mwekundu, amejifunga kanga nyekundu, nyuma yake ukuta wa njano. Hakuna cheupe hata kimoja. Kompyuta ikatafuta weupe, ikaukosa, ikautengeneza kwa nguvu: ikapandisha buluu kila mahali, pamoja na usoni kwa Bibi.

Dhana hii haikuanza na kompyuta. Mwaka 1946 Ralph Evans, mtaalamu wa rangi wa Kodak, aliomba hataza ya njia ya kurekebisha picha za rangi wakati wa kuzichapa. Wazo lake lilikuwa jepesi: ukichanganya rangi zote za picha ya kawaida, wastani wake uwe karibu na kijivu. Mashine ikiona wastani umeegemea wekundu, inapunguza wekundu. Bila wazo la namna hiyo, maabara zisingeweza kusafisha maelfu ya picha kwa siku bila mtu kuitazama kila moja. Ila neno "kawaida" ndilo lililobeba mzigo wote. Picha iliyojaa wekundu kwa haki yake, mashine inaiona mgonjwa.

Na kawaida hiyo ilikuwa na sura. Mpaka mwaka 1954, Kodak ilikuwa ikiuza filamu Marekani na gharama ya kuisafisha ikiwa imo ndani ya bei. Serikali ikaishtaki kwa kuhodhi soko, na mwaka huo kampuni ikakubali kuacha. Maabara nyingine zikaingia kazini, na zikahitaji kitu cha kulinganishia mashine zao. Kodak ikawapelekea kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi wakaziita "Shirley", kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za kwanza. Fundi alipima mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, kisha picha za watu wote zikapita humo humo.

Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alizungumza na watu waliofanya kazi Kodak. Wakamweleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu kwa rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Chokoleti, jamani! Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katikati ya miaka ya 1990.

Wakati huohuo kazi ilikuwa inahamia kwenye kompyuta. Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alianza mwaka 1987 kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye Macintosh yake. Akaikuza pamoja na kaka yake John, na Februari 1990 ikatoka kwa jina la Photoshop. Mwaka huohuo John Cristy alitoa bure ImageMagick, inayofanya kazi kwa amri za maandishi: mstari mmoja tu, picha elfu zinabadilika. Mwaka 1996 Photoshop 4 ikaja na Actions, yaani kurekodi hatua zako na kuzirudia kwa folda nzima. Kile ambacho zamani kilihitaji maabara na mashine kubwa, sasa kilifanywa na mtu mmoja mezani kwake. Kila mmoja wetu akapata uwezo wa kuchagua Shirley wake. Mimi nilimchagua bibi harusi wa gauni jeupe.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi: niliiambia programu ihifadhi juu ya faili zilezile. Hata ImageMagick ina amri iitwayo mogrify ambayo, usipoielekeza kwingine, inafuta ya zamani na kuweka mpya. Programu kama Aperture ya mwaka 2005 na Lightroom ya 2007 zilileta utaratibu mwingine: picha halisi haiguswi, kinachohifadhiwa ni maagizo tu, na unaweza kuyafuta wakati wowote. Dawa ilikuwepo zamani. Mimi ndiye sikuitumia.

Basi nikampigia simu Mama Mdogo. Sikumficha kitu. Akacheka, kisha akaniuliza, "Kwani ulikuwa na haraka gani?" Sikuwa na jibu.

Jioni ile alikaa barazani akazipiga picha albamu kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, akanitumia WhatsApp. Nyingine zimepinda, nyingine kidole chake kimeingia. Sasa nazipanga kwa makundi kwanza: za ndani, za nje, zilizopauka, zilizopiga wekundu. Kila kundi lina picha yake ya kupimia, na kila marekebisho yanaingia kwenye nakala. Kompyuta bado inanirudishia hatua, siwezi kusema nimeiacha. Ila kabla ya kuhifadhi, Mama anakaa pembeni yangu na chai yake.

Ile ya Bibi tuliitengeneza peke yake. Mama aliniongoza: ongeza kidogo, hapana, umezidisha, rudisha. Dakika arubaini kwa picha moja. Kisha akasema, "Haya. Huyo ndiye."