Toleo Jipya na Hatima ya Toleo la Kale: Programu za Kompyuta kwa Kiswahili, 2004–2014

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishuhudia kutolewa kwa kazi mbili za lugha. Ya kwanza ni toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu, lililoandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Ya pili ni Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya kazi za ofisi, iliyotolewa mwezi Desemba na mradi wa Kilinux, ambao wataalamu wa chuo hicho waliuendesha pamoja na wenzao wa Uswidi. Zote mbili zilikuwa "matoleo", lakini hatima zake zilitofautiana. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha insha hii.

Toleo la tatu la Kamusi lilipochapishwa mwaka 2013, la pili halikufutika. Msomaji angali anaweza kulichukua rafuni na kuyalinganisha. Jambo ilijengwa juu ya OpenOffice.org 1.1, na kufikia Oktoba 2005 OpenOffice.org 2.0 ilikuwa imetoka. Programu hutafsiriwa kipengele kwa kipengele: kila amri ya menyu, kila onyo. Toleo jipya likiongeza amri au kubadili maneno, tafsiri ya awali hubaki na mapengo, nayo hujazwa na Kiingereza. Kwa hiyo kazi ya mfasiri haina mwisho. Lugha yenye wafasiri wengi humudu mwendo huo. Mradi unaotegemea ufadhili wa muda huachwa nyuma.

Hata hivyo, si haki kuyalaumu mabadiliko yenyewe. Toleo la 2.0 ndilo lililoifanya OpenDocument kuwa muundo wake mkuu wa faili, na mwaka 2006 muundo huo ulikubaliwa na ISO kuwa kiwango cha kimataifa. Kwa kuwa maelezo yake yako wazi, yeyote anaweza kuunda programu ya kuusoma. Aidha, mwaka 2010 sehemu ya wanajumuiya wa OpenOffice.org ilipojitenga na kuanzisha LibreOffice, leseni huria iliwaruhusu kuendeleza kazi iliyokwisha kufanywa badala ya kuanza upya.

Windows XP nayo iliwekewa kiolesura cha Kiswahili. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Ni kweli kwamba matoleo yaliyofuata ya Windows pia yalipewa Kiswahili, lakini uamuzi huo ulikuwa wa mmiliki, si wa wazungumzaji wa lugha.

Kwa mwanahistoria wa lugha, suala hili si la kiufundi tu. Istilahi zilizomo katika programu hizo ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyoipokea kompyuta. Ushahidi wa Kamusi unahitaji macho na mwanga tu; ushahidi wa Jambo unahitaji pia programu ya kale na mashine inayoikubali. Insha hii inahitimisha kwamba hasara haitokani na kubadilika, bali na kubadilika bila kuacha nakala. Kila mradi wa kutafsiri programu unapaswa kukabidhi maktaba orodha ya istilahi zake, katika maandishi ya kawaida na kwenye karatasi, kabla toleo linalofuata halijatoka.