Wawili Waliopotea Mbarara Mwaka 1971

Katika habari za mji wa Mbarara, ambao Kakoba ni mtaa wake, iko moja ambayo haijapata mwisho wake hata leo. Ni habari ya Wamarekani wawili walioingia katika mji huu mwezi wa Julai 1971, wala hawakutoka. Wageni hao hawakuwa wa dini ya Kiislamu, lakini haki ya mgeni na haki ya maiti ni mambo ambayo Mwislamu amefunzwa tangu utoto wake. Kwa hiyo inafaa habari yao ihifadhiwe.

Wa kwanza alikuwa Nicholas Stroh, mwandishi wa magazeti, aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara mashuhuri wa mji wa Detroit. Wa pili alikuwa Robert Siedle, mwanachuoni wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere. Sababu ya safari yao ilikuwa uvumi mzito. Tarehe 25 Januari mwaka huo jeshi lilikuwa limeipindua serikali ya Milton Obote na kumweka Idi Amin. Obote alitoka Lango, na Waacholi na Walangi walikuwa wengi jeshini. Basi baada ya mapinduzi hayo askari wa makabila hayo mawili walianza kuuawa na wenzao. Ikasemwa kwamba wengi waliuawa katika kambi ya Mbarara, makao ya Kikosi cha Simba. Wageni hao walitaka kujua kama neno hilo lilikuwa kweli. Wakauliza, na kuuliza huko ndiko kulikowaangamiza.

Walipokosekana, jamaa zao na ubalozi wa Marekani walianza kuwatafuta. Jeshi halikukiri lolote. Serikali iliposhikwa sana iliunda tume ya uchunguzi, na kazi hiyo ikawekwa mikononi mwa Jaji David Jeffreys Jones wa Mahakama Kuu ya Uganda. Jaji aliona taabu kubwa, kwa maana maofisa wa jeshi hawakumsaidia, na milango iliyopasa kufunguliwa ilifungwa. Hata hivyo hakuiacha kazi. Gari la Stroh, aina ya Volkswagen, lilipatikana limetupwa katika mabonde ya milima ya Rwenzori, mbali sana na Mbarara. Gari halipandi mlima peke yake. Aliyelipeleka huko alitaka lisionekane.

Kisha akatokea shahidi. Luteni Silver Tibihika, aliyekuwa ofisa katika kambi ile ile, alikimbilia Tanzania, na huko akaeleza aliyoyajua: kwamba wageni wale waliuawa na kuzikwa, na kwamba uchunguzi ulipokaribia, miili yao ilifukuliwa ikachomwa moto. Mwaka 1972 Jaji Jones aliileta hukumu yake akiwa amekwisha kutoka Uganda. Alisema kwamba watu hao wawili waliuawa na askari wa Kikosi cha Simba, na kati ya waliopasa kuulizwa aliwataja Luteni Kanali Ali Fadhul na Meja Juma Aiga. Lakini kwa vifo hivyo viwili hakuna aliyehukumiwa na mahakama. Ali Fadhul alihukumiwa miaka mingi baadaye kwa mauaji mengine ya Ankole ya mwaka 1972, akasamehewa mwaka 2009. Idi Amin alifariki Jeddah mwaka 2003 bila ya kusimamishwa mbele ya hakimu.

Mwaka 1997 mtoto wa Siedle alikuja Mbarara kutafuta mabaki ya baba yake. Ardhi ilichimbwa, wala hakuna kilichopatikana.

Sheria ya Kiislamu inamjua mtu wa namna hii, na jina lake ni mafkudi. Mali yake haigawanywi kwa dhana tu. Hungojwa mpaka upatikane ushahidi wa kufa kwake, au kadhi ahukumu baada ya muda mrefu. Kadhalika wanazuoni wameeleza kwa urefu habari ya mke wake, angoje muda gani kabla ya kuanza eda. Katika mambo yote hayo hapana budi awepo mtu wa kusema alilolijua. Bila shahidi, warithi hubaki hawana urithi, na mke hajui kama ni mke au ni mjane. Ndiyo maana kuficha ushahidi ni dhambi, na ndiyo maana neno la luteni mmoja aliyekimbia nchi yake lilikuwa na uzito kuliko kimya cha kikosi kizima.

Wala wageni hao hawakuwa peke yao. Tume iliyoundwa mwaka 1974, chini ya Jaji Mohammed Saied, ilithibitisha habari za watu 308 waliopotea nchini. Na mambo yalipogeuka, katika mwezi wa Juni 1979 Waislamu wa Ankole wasiokuwa na hatia waliuawa kwa kisasi, wanawake na watoto miongoni mwao, na wengine wakatupwa katika mto Rwizi. Jamaa za hao pia hawana kaburi la kuzuru. Hata kambini Nakivale, walikopokewa watu wa Rwanda, Kongo, Burundi na Somalia, wamo wengi ambao hawajui ndugu zao walilala wapi.

Basi anayedai ukweli wa waliotupwa mtoni Rwizi anapaswa kuudai pia ukweli wa wale wawili wa mwaka 1971, kwa kuwa haki haiulizi maiti alisali wapi. Walioyaona mambo hayo kwa macho yao wamekuwa wachache, na kila mmoja wao anapozikwa, shahidi mmoja huzikwa pamoja naye.